Kando ya Lami ya Nyakarenzo

Magari ya Tanzania hushika kushoto, ya Rwanda hushika kulia, na desturi hizo mbili hukutana Rusumo, juu ya maporomoko ya Mto Kagera. Basi letu lilipomaliza kuvuka daraja na kuhamia upande wa pili wa barabara, mzee mmoja wa Ngara aliyekaa mbele yangu alimgeukia mjukuu wake. "Kuanzia hapa, ukitaka kuvuka, anza kutazama kushoto," alimwambia. Mtoto akaitikia, "Sawa, babu," na mzee akayarudia maneno hayo tena na tena hadi aliporidhika. Hakumweleza kuhusu fedha wala lugha ya nchi tuliyoingia. Alimfundisha kwanza namna ya kubaki hai barabarani.

Nilikuwa nakwenda Nyakarenzo, sekta ya Wilaya ya Rusizi, kule ambako watu wazima bado wanaita Cyangugu, pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Rwanda. Kwa miaka mingi nimeandika juu ya barabara za miji yetu, na nimefikia imani moja: anayetaka kujua mtaa wa mji utawatendeaje watu wake, aende akauangalie ungali kituo kidogo cha njiani, maduka yakiwa machache na nafasi ikiwa tele. Miji mingi ya Afrika Mashariki haikuanzia kwenye meza ya mchoraji. Ilianzia pale lori liliposimama, mama akaweka meza ya ndizi, fundi baiskeli akafungua boksi lake la spana, na baada ya miaka kumi pakawa na jina, mabati na msongamano. Barabara iliyochorwa kwa ajili ya kupita ikageuka kuwa ya kuishi, bila mtu yeyote kuichora upya.

Kigali nilipita haraka. Mambo yake mema yanajulikana na yanastahili sifa: njia pana za waenda kwa miguu zenye kingo imara kando ya barabara kuu, taa za usiku, vivuko vinavyoonekana. Mwaka 2015 jiji lilifunga kwa magari kipande cha barabara ya KN 4 katikati ya mji, ambacho leo kinaitwa Imbuga City Walk. Mwaka 2016 ikaanza Car Free Day, asubuhi ya Jumapili ambapo barabara zilizoteuliwa huachiwa wakimbiaji, baiskeli na watoto, mwanzoni mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili. Septemba 2025 mji huo ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara letu. Lakini mji mkuu una wahandisi wake, wageni wake na kamera zake. Mimi nilitaka kuona hali ilivyo pale kamera zinapoishia.

Kutoka Kigali basi hupita Muhanga, Huye na Nyamagabe, kisha huingia msitu wa Nyungwe, ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Ndani ya msitu barabara ni ya magari na nyani tu. Nje ya msitu ni ya watu. Ndivyo Rwanda ilivyo karibu kila upande: hakuna mlima usio na mtu anayetembea kando ya lami, na hakuna kona usiyokuta mwanamke mwenye jembe begani, mwanafunzi mwenye daftari mkononi, kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Tulipofika Ntendezi, ambako barabara yetu hukutana na ile inayotoka Rubavu na Karongi kwa kufuata mwambao wa Ziwa Kivu, dereva alipunguza mwendo kwa sababu soko lilikuwa limemwagikia barabarani. Alifanya hivyo kwa uungwana. Barabara yenyewe haikumlazimisha kwa tuta wala kwa alama yoyote.

Kamembe nililala. Ni mji wa kusikia Kiswahili kila kona, kwa sababu Bukavu iko ng'ambo ya Mto Rusizi na biashara haijawahi kungoja tafsiri. Serikali iliuweka miongoni mwa miji sita ya daraja la pili ya nchi, pamoja na Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare na Rubavu, inayotakiwa kukua ili watu wasikimbilie Kigali wote. Fedha za mradi wa kuendeleza miji hiyo zilileta barabara za ndani zenye mifereji, njia za miguu na taa. Niliwaona wazee wakitembea jioni bila kugeuka nyuma kila hatua. Jambo hilo dogo, mtu kutembea bila kugeuka nyuma, ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Asubuhi nilichukua pikipiki. Dereva alinivisha kofia ngumu kabla ya kunitajia bei; Rwanda abiria wa pikipiki huvaa kofia kama dereva wake, na natamani Dar es Salaam tungekuwa na adabu hiyo. Barabara ya Bugarama hupanda na kushuka migongo ya vilima, chai na ndizi kila upande, na kulia kwako, mawingu yakifunguka, unaona milima ya Congo imesimama ng'ambo ya bonde. Hii ni njia yenye kazi nzito. Huko chini Bugarama, katika sekta jirani ya Muganza, kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanza uzalishaji miaka ya 1980, na kuna mashamba ya mpunga. Mbele zaidi kuna mpaka wa Burundi pale Ruhwa na mpaka wa Congo upande wa Kamanyola. Kwa hiyo saruji hupanda, mchele hupanda, mafuta na bidhaa za dukani hushuka, na vyote hupita katikati ya watu wanaokwenda kuchota maji.

Nyakarenzo yenyewe, ile sehemu inayokaa barabarani, ni safu ya maduka pande mbili, mashine ya kusaga, vinyozi, mahali pa kuchajia simu, mgahawa wenye chai ya maziwa na sambusa. Niliagiza chai nikakaa nje, nikaanza kuwatazama wanaopita.

Walikuwa wengi kuliko magari, na si kwa tofauti ndogo. Watoto wa shule kwa makundi, wadogo wakishikana mikono. Akina mama wenye mabeseni kichwani. Mtu mwenye mbuzi wawili. Mzee mwenye fimbo, suti yake imepigwa pasi vizuri, anakwenda ofisi ya sekta. Wanyonzi, kama Wanyarwanda wanavyowaita waendesha baiskeli za abiria, kila mmoja na mto mwekundu au wa bluu juu ya keria. Kisha, baada ya muda, lori moja. Lori hilo lilipopita, wote niliowataja walilazimika kufanya jambo fulani: kusimama, kuruka, kushuka, kumvuta mtoto, kumvuta mbuzi. Dereva peke yake hakulazimika kufanya lolote. Huo ndio mchoro wa barabara, na unasomeka hata na asiyejua ramani.

Niliomba kuongozana na mama mmoja muuza parachichi aliyekuwa anaelekea sokoni. "Karibu, dada, twende," alisema, na tukaanza. Lami ina njia mbili na bega jembamba. Baada ya bega kuna mfereji wa mawe, mpana na wenye kina, usiofunikwa. Baada ya mfereji kuna ukingo wa udongo, kisha maduka. Mtu wa miguu hana mahali palipoandikwa jina lake. Nilimuuliza hufanya nini magari mawili makubwa yanapokutana pale tulipo.

"Kamio ikikuja na ingine ikikuja, tunaingia mu kanivo," alijibu, akionesha mfereji kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa imeshika beseni.

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha, kanivo ni ya maji." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Ile siku tunaomba Mungu, dada."

Usije ukadhani mfereji ule ni adui. Milima ya magharibi mwa Rwanda hupokea mvua nzito, na maji yasipopewa njia hujitafutia yenyewe. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Aliyechimba mfereji ule alijua alichokuwa akikifanya, na wananchi huuzibua katika umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Tatizo ni kwamba hesabu ya maji ilifanywa, hesabu ya magari ilifanywa, na hesabu ya watu haikufanywa. Mita zilipogawiwa, gari lilipewa zake, maji yakapewa yake, mama mwenye parachichi akabaki na kile kilichosalia, nacho ni mstari mweupe wa pembeni.

Tulipofika katikati ya maduka niliona jambo lililonisimamisha. Mbele ya kila duka mwenye nyumba amejenga kidaraja chake juu ya mfereji ili wateja wamfikie. Mmoja ameweka bamba la zege. Jirani yake ameweka mbao tatu. Wa tatu amelaza bati la pipa juu ya magogo, wa nne amejenga vizuri kabisa na kuweka hata kizingiti. Kati ya kidaraja na kidaraja kuna pengo la hatua chache, na kila kimoja kina kimo chake. Ukivitazama kwa mbali unaona karibu nusu ya njia ya waenda kwa miguu imekwisha kujengwa, kwa fedha za wenye maduka, bila mkandarasi wala zabuni. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha. Mabamba ya zege yanayoweza kuinuliwa wakati wa kuzibua, yaliyopangwa kwa kimo kimoja kutoka duka la kwanza hadi la mwisho, yangewapa watu wa Nyakarenzo barabara yao wenyewe juu ya maji, na lami isingepoteza hata sentimita moja.

Nilimwona kijana mwenye magongo akithibitisha jambo hilo kwa mwili wake. Alitoka duka la simu, akapita juu ya bamba la zege, akafika kwenye pengo. Mwenye miguu miwili angeruka. Yeye aligeuka, akashuka barabarani, akatembea juu ya lami hadi kidaraja kilichofuata, akapanda tena. Alifanya hivyo duka baada ya duka, na kila aliposhuka alisimama kwanza kusikiliza, kwa sababu kona iliyo juu ya maduka inaficha magari. Nilipomsalimu na kumuuliza kama hapati shida, alinijibu kwa Kiswahili kizuri cha Bukavu kwamba shida yake haiko miguuni. "Miguu yangu naijua," alisema. "Barabara ndiyo haijui miguu yangu."

Sheria za mwendo zipo Rwanda, na zinasimamiwa kuliko katika nchi nyingi za jirani. Mabasi na malori hufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Polisi walianzisha mwaka 2019 kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani, na kamera za mwendo zimeenea barabarani. Hayo yote ni mema. Lakini tufanye hesabu. Gari la kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde ya kwanza hupotea kabla mguu haujagusa breki. Mita 17 zimekwisha, na lori lenye mzigo wa saruji ndiyo kwanza linaanza kujizuia. Kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo hiyo humeza mita 8 tu, na nguvu ya kugonga inakuwa robo, kwa sababu nguvu huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka kilomita 30 iwe kikomo pale magari yanapochanganyika na watu wa miguu na baiskeli. Kilomita 60 ni mwendo wa halali kati ya vilima. Kati ya kinyozi na mashine ya kusaga ni mwendo wa kuua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya barabarani mwaka 2021 kuwa milioni 1.19, zaidi ya nusu yake wakiwa watu wa miguu, baiskeli na pikipiki. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Nilikuwa nayajua maelezo hayo kabla sijaondoka nyumbani. Kuyakumbuka huku umesimama kando ya watoto wanaoshikana mikono ni jambo jingine.

Mnyonzi mmoja aliniruhusu nikae naye kwenye kijiwe chao, chini ya mti, wakati akikaza mnyororo. Alinieleza hesabu ya mlima. Kushuka kuelekea Bugarama hulipi nguvu, unalipa breki. Bonde liko chini kwa mamia ya mita, na baiskeli yenye abiria au magunia hutaka kukimbia. Kupanda ndiyo adhabu. Baadhi ya vijana hushika nyuma ya lori linalopanda taratibu na kuvutwa hadi juu. Polisi wanakataza jambo hilo, na wamefariki wengi kwa namna hiyo katika milima ya Rwanda. "Najua ni vibaya, kaka yangu mkubwa alinikanya," alisema, "lakini mwenye magunia mawili na mlima huu, akiona lori linapita polepole, mkono unakwenda wenyewe."

Nilimuuliza angetaka nini kama angeulizwa. Nilitarajia aseme njia ya baiskeli pande zote mbili, kama wanavyopenda kuandika wataalamu. Jibu lake lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake: "Upande wa kupanda tu. Nikishuka naenda sawa na gari. Nikipanda nayumba, na hapo ndipo gari linanikuta." Mhandisi mzuri angemwajiri. Kwenye mlima mwendesha baiskeli huhitaji mita moja na nusu ya ziada upande mmoja, ule anaokwenda taratibu na kupepesuka. Kumpa nafasi hiyo hugharimu nusu ya kile kinachodhaniwa. Kijana huyo aliyashangilia mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda yalipomaliza hatua yake moja Rusizi mwaka 2020, baada ya kutoka Huye, na aliniambia kwa furaha kwamba siku ile walisimama juu ya lami saa nzima bila hofu. Nchi inayopenda baiskeli kiasi hicho ina deni kwa wale wanaoiendesha siku zisizo na bendera.

Dereva wa lori nilimkuta mgahawani, mtu wa makamo, mpole, anakula wali na maharage. Sikutaka kuondoka bila kumsikia. Yeye naye ana malalamiko, na ni ya haki. Hakuna mahali pa kuegesha, kwa hiyo husimama pembeni na kuziba hata ule mstari mweupe. Usiku haoni watu. Wanavaa nguo za rangi nzito, taa za barabarani hazifiki huku, na gari linalokuja mbele limemwashia taa kali. "Mimi pia nina watoto wanaotembea kwenda shule," alisema. "Nikipita vijiji hivi mkono unatoka jasho kwenye usukani. Waniwekee kitu cha kuniambia hapa ni nyumbani kwa watu, nipunguze mapema, mlima haunipi nafasi ya kufikiri." Alichoomba ndicho wataalamu wanakiita lango la mji: barabara inabana kidogo, rangi ya lami inabadilika, kuna tuta la taratibu, kuna kibao, na kuanzia hapo dereva anajua ameingia ukumbini kwa mtu.

Ndugu msomaji, haya hayahitaji miujiza, na kwetu yamekwisha kufanyika. Dar es Salaam, shirika la Amend lilianza kwenye shule za msingi za pembezoni, zile zenye watoto wengi waliokuwa wakigongwa. Mpango wao, unaojulikana kama SARSAI, hutumia vitu vidogo: kipande cha njia ya miguu, matuta, kivuko, nguzo za kuzuia pikipiki, wakati mwingine kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda uchochoro. Utafiti uliofuatilia shule hizo ulionesha majeruhi wamepungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross Center, ukishinda miradi mikubwa ya mabara mengine. Mabasi ya mwendo kasi yaliyoanza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro yalikuja na njia za miguu na za baiskeli, na ingawa wafanyabiashara na bodaboda wamezivamia mara nyingi, nani leo angekubali zifutwe?

Tumejifunza na kwa uchungu pia. Barabara ya Thika, kutoka Nairobi, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012 ikiwa na njia nane, na watu waliokuwa wakiivuka kwenda sokoni na shuleni wakajikuta mbele ya mto wa magari. Wakajengewa madaraja ya juu. Mwenye mzigo kichwani, mjamzito, mwenye magongo, hulitazama daraja la juu na kuhesabu ngazi; wengi waliendelea kupita chini. Daraja la aina hiyo humwondoa mtu barabarani ili gari lisisumbuke. Nyakarenzo, daraja kama hilo lingekuwa kosa la wazi. Kivuko cha kule kinatakiwa kiwe chini, kimeinuliwa kidogo kwa kimo cha njia ya miguu, ili gari ndilo lipande na kushuka, na mtu apite sawasawa.

Na kuna somo la nyumbani kwetu Kimara, ambalo siwezi kuliacha. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kutoka Kimara kuelekea Kibaha ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe. Nilitembea katika vifusi vile. Niliona milango iliyosimama peke yake na watu waliokaa juu ya magodoro. Kituo cha njiani kilikuwa kimeachwa kijikuze miaka arobaini bila mpango, na gharama ya kupanga baadaye ililipwa na waliokuwa wanyonge zaidi. Nyakarenzo haijafika huko. Sheria ya barabara ya Rwanda ya mwaka 2011 imetenga akiba ya ardhi kando ya barabara kuu, na sera ya makazi ya pamoja, imidugudu, inawavuta watu karibu na barabara na huduma. Dira ya 2050 inataka asilimia 70 ya Wanyarwanda wawe wakazi wa miji. Watu hao hawatakaa Kigali wote. Wengi watakaa mahali kama hapa, na mtaa wao mkuu utakuwa hii lami niliyotembea na mama wa parachichi.

Nilibaki hadi jioni ili nione giza. Saa 12 na nusu jua lilikuwa limezama nyuma ya Congo. Barabara haikupungua watu. Waliongezeka, kwa sababu wakulima walikuwa wanarudi na wanyonzi walikuwa na abiria wa mwisho. Maduka mawili matatu yaliwasha taa zao za nje, na pale mwanga ulipofika watu walitembea wima, wakizungumza. Ulipoishia walinyamaza na kujipanga mstari mmoja. Nguzo za umeme zilikuwepo tayari. Kilichokosekana juu yake ni taa. Nilimkuta tena yule kijana wa magongo. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye gongo la kushoto ili aonekane.

Hukumu yangu baada ya safari hii ni kwamba Rwanda imekwisha kuonesha inaweza: Kigali imefanya, Kamembe imeanza. Kilichobaki ni kukubali kwamba kilomita moja ya barabara kuu inayopita kati ya maduka ya Nyakarenzo ni mtaa wa mji, na iandikwe hivyo katika michoro, ikiwa na mwendo wa 30, lango kila upande, kivuko kilichoinuliwa, mifereji iliyofunikwa, nafasi ya baiskeli upande wa kupanda, mahali pa malori kuegesha, na taa.

Kwa wanaosimamia barabara hii, na kwa wenzao wa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Congo wenye vituo vya aina hii kwa mamia, nina ombi moja. Kabla ya kuchora, shukeni garini. Tembeeni asubuhi kutoka shule hadi soko, siku ya soko, mmoja wenu akiwa na mzigo kichwani na mwingine akitembea na mtu wa magongo. Mkifika kwenye vile vidaraja vya wenye maduka, anzeni hapo hapo, kwa sababu wananchi wamekwisha kujenga nusu na wanasubiri mje mjenge nusu iliyobaki.